Mtu Mzima Haambiwi Kimbia

Mbegani, Bagamoyo
28 Septemba 2024

Kwa mwanangu Saida,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, hujambo? Umeamkaje huko ulikoamkia? Sisi wazima, shaka yetu ni wewe uliye mbali na macho. Baba yako anakusalimu, goti lake bado linajua mvua kabla ya redio. Kaka yako Mikdad anakusalimu, useremala unakwenda, sasa hivi anatengeneza milango ya mtu wa Mapinga ambaye kila siku anabadilisha mawazo. Wifi yako Lulu anakusalimu, ndiye anayeipiga picha karatasi hii na kukurushia, ukiona kidole pembeni ni chake. Mtoto wao Abdulrazak kaota meno, anasalimu watu kwa kuwauma. Jirani Bimdogo anakusalimu sana na anasema umenenepa kwenye ile picha, nikamwambia alhamdulillahi. Mbuzi wako mweusi kazaa pacha. Mwani peke yake ndio haukusalimu. Maji yamekuwa ya moto mno, unageuka mweupe na kukatikia kwenye kamba. Shamba zima nimetoa kikapu kimoja cha maana.

Haya, salamu zimekwisha, sasa neno. Jana nipo jikoni redio ikasema kimbunga Helene kimepiga Florida na watu wamekufa. Upawa ulinitoka mkononi. Lulu akakupigia hukupatikana, akakupigia tena, ukapokea na kusema "niko salama mama" ukakata. Salama gani hiyo ya maneno matatu?

Nataka unieleze taratibu, maana mimi darasa langu la nne nililiacha kwa Mwalimu Shamsudin na vimbunga hatukuvifikia. Kwa nini wanakipa jina la mtu? Kitu ukishakipa jina si umekikaribisha? Redio inasema kina jicho, jicho la kuonea nini? Na kwa nini huko ni kila mwaka na huku kwetu hapana, ukiondoa yule Hidaya wa mwezi wa tano ambaye tulimngoja kwa hofu, akafika Mafia kachoka?

Na huyo Bi Edna unayemtunza, mzima? Nyumba yake iko mbali na maji, au ndiyo hiyo niliyoiona kwenye picha, bahari inachungulia dirishani?

Habari njema: Mwanvita binti wa Mapinga, yule mliyesoma naye, kajifungua huko Atlanta, mtoto wa kike. Mama yake analia tu. Kanyimwa viza, na arobaini inakuja hakuna mtu mzima wa kusimama na mtoto.

Nijibu upesi, na usinijibu maneno matatu.

Ni mimi mama yako.

*

Florida
30 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo baba. Kaka Mikdad, wifi Lulu, na huyo muumaji wenu, nawasalimu wote. Bimdogo mwambie nimenenepa kweli, na kanga yake ninayo.

Samahani kwa maneno matatu. Umeme ulikuwa umekatika na simu ilibaki chaji kidogo. Helene hakutupiga sisi, alipita mbali baharini akaenda kuteremkia kaskazini. Ila maji aliyoyasukuma yalitufikia. Mama, wewe unaijua bamvua, maji yanavyopanda mwezi mpevu mpaka yanafika kwenye mikoko. Basi chukua bamvua, iweke upepo nyuma uisukume kama mtu anayesukuma mlango, ndiyo hiyo. Watu wengi upepo hauwaui, wanauawa na maji. Yalipanda ngazi za Bi Edna, yakasimama kwenye ngazi ya juu, yakarudi.

Majina wanayapanga kabla ya msimu, moja la kiume, moja la kike, kwa herufi za abjadi. Vimbunga viwili vinaweza kuwa baharini kwa wakati mmoja, bila majina watu watachanganya habari. Kikiua watu wengi jina lake linastaafishwa, halitumiki tena.

Jicho ni katikati yake. Kinazunguka kama maji kwenye shimo la bomba, na katikati panabaki uwazi, hakuna upepo, hata jua linaonekana. Huko ndiko kwenye hatari mama. Mtu anadhani kimekwisha, anatoka nje kutazama paa, halafu upande wa pili unamkuta uani.

Kwetu havifiki mara nyingi kwa sababu tuko karibu mno na Ikweta, na hapo upepo hauwezi kujizungusha vizuri. Huku msimu ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, na chakula chake ni maji ya moto. Mwaka huu bahari ya huku imechemka. Ugonjwa ule ule wa mwani wako.

Bi Edna mzima. Na ndiyo, nyumba ni hiyo uliyoiona pichani.

Mwanao, Saida.

*

Mbegani
4 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Saida,

Marahaba mwanangu, na baba yako kaitikia. Wote tuliokusalimu juzi ni wazima vile vile, isipokuwa baba yako, Abdulrazak kamuuma kidole.

Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa miwani, halafu nikamsomea Bimdogo. Hilo la jicho limemtisha, kasema, "Kumbe ni kama mume wa kwanza wa Mgeni, mama yake Mwanvita, akinyamaza ndiyo ujifungie." Tukacheka sana, astaghfirullah.

Ila hilo la kustaafisha majina nimelifikiria nikiwa majini. Sisi mtu akifa jina lake tunampa mjukuu ili lisipotee. Wao jina likiua wanalifukia. Labda wana haki. Nani atamwita mwanawe Helene baada ya hapo?

Sijaridhika na hiyo ngazi ya juu. Maji yaliyofika mlangoni yameshaijua njia. Mwambie Bi Edna namsalimu. Mtu wa umri wake asiye na binti karibu ni mama yako pia, na mimi sina wivu.

Nijibu.

Mama yako.

*

Florida
7 Oktoba 2024, asubuhi

Mama shikamoo. Naandika haraka, nisamehe sisalimu kila mtu.

Kuna kingine, kinaitwa Milton, na hiki kinakuja kwetu hasa. Leo wamesema kimefika daraja la tano. Serikali imetangaza kisiwa chetu wote watoke. Majirani wanafunga magari.

Bi Edna hataki. Nimemsihi, mwanawe kampigia kutoka California kamsihi, askari kaja mlangoni kamsihi. Kamwambia askari: "Nimewazika Donna, Charley na Ian kwenye nyumba hii hii. Milton ni nani?" Hao ni vimbunga vya miaka ya nyuma. Nikamwambia kuna kambi ya watu bara, kwenye ukumbi wa shule. Kasema yeye si mzigo wa kupangwa sakafuni. Mama, ana miaka themanini na saba na anatembea na kigari cha kushikilia. Siwezi kumbeba.

Mwanvita kanipigia, anasema njoo Atlanta, gari unalo, hata leo. Nami naweza kwenda. Lakini nikienda huyu anabaki peke yake gizani na maji yanakuja.

Mama nipe neno lako. Nimwache niende, au nibaki naye? Utakalosema nitalifuata.

Saida wako.

*

Mbegani
7 Oktoba 2024, baada ya magharibi

Saida mwanangu,

Marahaba. Ulivyoanza barua bila salamu nilikaa chini kabisa, nikasoma nimeshika mwimo wa mlango. Halafu nikafika kwenye daraja la tano, moyo ukanirudi.

Mwanangu unanitisha bure! La tano! Kaka yako mtihani wa kidato cha nne alipata daraja la nne na hakuna aliyemwogopa. La kwanza ndilo la watu wa kazi. Hicho kimefeli hata sifuri kinaitafuta. Ni Hidaya mwingine, kitafika kimechoka. Nimemwambia baba yako, nimemwambia Bimdogo, tumeshukuru Mungu.

Basi usimwache bibi wa watu, na usimburure mtu mzima kumtoa kwake kwa ajili ya kimbunga kilichofeli. Kaeni ndani, fungeni madirisha, mpikie uji. Ndilo neno langu.

Niambie kikishapita.

Mama yako.

*

Mbegani
8 Oktoba 2024, alfajiri

SAIDA. TOKENI.

Mwanangu nisamehe. Nimeamka kusali nikamkuta Mikdad uani anachukua maji, nikamwambia kwa raha zangu, "Kimbunga cha dada yako kimepata la tano." Ndoo akaiweka chini. Akasema, "Mama, umemwambia nini?" Nikasema nimemwambia akae. Akasema, "Mama, madaraja ya vimbunga yanahesabiwa kupanda. La kwanza ndilo dogo. La tano ndiye kiranja, juu yake hakuna."

Yarabi, nimekwambia ukae. Umeniuliza kwa heshima, nami nimekujibu kwa ujinga. Neno lile nalifuta, nalitema, lisikuguse. Tokeni leo.

Lakini najua utanijibu: Bi Edna je? Nami siwezi kukwambia umwache. Ukimwacha ukapona, hutalala usingizi maisha yako yote, na mimi nimekuzaa nakujua.

Nimekaa na baba yako tumelizungumza. Ninyi mnakosea namna. Askari anamwambia kimbia. Mwanawe anamwambia kimbia. Wewe unamwambia akalale ukumbini. Mtu mzima haambiwi kimbia, mtu mzima anaalikwa. Na ukimwalika aje ale tu, atasema hana njaa. Ukimwalika aje asimamie chungu, utamkuta anatafuta kanga zake. Shughuli zote hapa Mbegani tunawatoa hivyo vikongwe wasiotoka ndani.

Na shughuli ipo, sisemi uongo. Msomee karatasi hii ya pili. Msomee umekaa, si umesimama na funguo mkononi.

*

Kwa Bi Edna,

Shikamoo. Mimi ni mama wa Saida. Wewe ni mkubwa kwangu, ndiyo maana naanza na salamu hiyo, Saida atakueleza uzito wake. Asante kwa kumlea mwanangu. Yeye anadhani ni yeye anayekulea wewe.

Nakuandikia kukualika. Atlanta yuko binti yetu anaitwa Mwanvita, kazaa mtoto wake wa kwanza. Jumamosi hii mtoto anatimiza arobaini. Kwetu siku hiyo mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza akaonyeshwa dunia, na hatolewi na mtu yeyote tu. Humbeba mwanamke mtu mzima aliyeona mengi na akabaki, ili mtoto naye aone mengi na abaki. Bibi yake mzaa mama yuko huku, kazuiwa safari. Mimi niko huku. Huko kwa Mwanvita wote ni vijana, hakuna hata mwenye mvi moja.

Saida ananiambia umewaona Donna, Charley na Ian na uko hai. Basi ndiwe tunayemtaka.

Nakuomba usimame mahali petu. Njoo na chakula unachokijua zaidi, ukipike mwenyewe au umsimamie Saida akipike. Shughuli isiyokuwa na chakula cha mtu mzima haina baraka. Saida ataendesha gari. Mtoto anangoja.

Mama yake Saida.

*

Mbegani
10 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Saida,

Assalaam alaykum. Nakusalimu, baba yako anakusalimu, Mikdad, Lulu, mtoto, wote wanakusalimu. Nijibu hata neno moja, maneno matatu sasa nitayapokea kwa mikono miwili.

Redio imesema kimeshaingia. Kimeingia daraja la tatu, na sasa najua la tatu ni nini. Karatasi ya mwaliko uliipata, Lulu kanionyesha alama mbili za buluu, anasema ni kuwa imesomwa. Baada ya hapo kila tunachotuma kinapata alama moja ya kijivu, inakaa pale inanitazama.

Nimekwenda mwanini kwa sababu kukaa siwezi. Nimefunga kamba nzima miche juu chini, Bimdogo kaifungua yote bila kunisema hata neno. Yeye ambaye kunisema ndiyo kazi yake! Nikajua hali ni mbaya.

Baba yako kamaliza betri za redio, katuma nyingine. Mikdad kasimamisha ile milango ya Mapinga, anapiga randa ubao mmoja tu, unakwisha.

Mwanangu, kama ulibaki, kama ulibaki kwa lile neno langu la kwanza, sijui nitasimama vipi mbele ya Mungu. Sitaki kuliandika hilo. Lulu ananiambia nilifute, nami nimekataa, maana labda utalisoma na kuniambia, "Mama, acha hizo."

Niambie acha hizo.

Mama yako.

*

Atlanta
13 Oktoba 2024

Mama, acha hizo.

Shikamoo mama yangu, shikamoo baba. Kaka, wifi, mtoto, Bimdogo, wote. Ni mimi, mzima, na Bi Edna mzima. Natumia simu ya Mwanvita. Namba zenu zote zilikuwa kwenye simu yangu, na kichwani sina hata moja, aibu yangu. Mwanvita akampigia mama yake kila siku, hapatikani, kumbe yuko shambani Miono kusikokuwa na mtandao. Leo ndiyo kashuka Mapinga, akaitafuta namba ya Lulu akatutumia, na barua zako zote Lulu kanirushia upya muda huu huu. Nimesoma ya tarehe kumi nikiwa bafuni ili nisimtie hofu mtoto.

Sikiliza ilivyokuwa. Neno lako la kukaa nililipata, nikakaa. Nilikuwa najaza maji ndoo wakati karatasi ya pili inaingia. Nikakaa kitini, funguo nikaziweka mbali kama ulivyosema, nikamsomea Bi Edna kwa Kiingereza. Akaniambia nisome tena pale pa mvi. Nikasoma. Akaniuliza, "Huyu mama yako, ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema, "Mtoto mdogo, lakini kalelewa vizuri." Halafu akashika kigari chake, akaenda jikoni, akafungua kabati. Mama, askari alisimama pale mlangoni nusu ya asubuhi akashindwa, na wewe uko Mbegani!

Akataka kupika mkate wake wa mahindi wa sufuria la chuma, wa kwao tangu kwa bibi yake. Nikamwomba tupike tutakakofika. Akakubali, lakini sufuria lazima liende. Tukatoka. Tulipofika mwisho wa mtaa akapiga kelele, "Sufuria!" Limebaki. Tukarudi, nikaingia mbio, nikalibeba kwa mikono miwili ni zito kama nanga, na simu niliyokuwa nimeshika nikaiweka mezani nilibebe. Hapo ndipo simu ilipobaki.

Njiani magari yalikuwa foleni moja mpaka Georgia, vituo vya mafuta vimekauka. Bi Edna hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anafanya mazoezi ya jina la mtoto. Mtoto anaitwa Mgeni, jina la bibi yake mzaa mama. Nilipomfasiria maana yake akacheka mpaka akakohoa. "Basi tuko wawili," akasema.

Jana tumemtoa mtoto. Bi Edna kavaa kanga ya Bimdogo, ile iliyokuwa ndani ya begi langu, mwambie anunue nyingine. Kambeba mtoto mpaka mlangoni, Yusuf, mume wa Mwanvita, kamshika kiwiko. Akasimama kwenye jua. Mimi nilitegemea aseme kitu kikubwa. Akamwambia tu, "Hii ndiyo nje, mpenzi. Kuna siku huwa nzuri."

Mkate umeliwa wote.

Sasa neno la mwisho, ndilo zito. Nyumba haipo. Jirani katutumia picha leo. Kuta mbili zimesimama, paa liko kwa mtu mwingine, mchanga umefika dirishani. Kile chumba nilichokuwa nalala bahari imepita katikati yake. Bi Edna kaitazama picha, akanirudishia. Halafu akaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno:

"Mwambie mama yako, kwetu aliyealikwa naye humwalika aliyemwalika. Ningemkaribisha kwangu ale mkate. Lakini sasa sina mlango wa kumfungulia. Anisamehe."

Mama, mjibu wewe.

Mwanao, Saida.

*

Mbegani, Bagamoyo
14 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Saida, na kwa Bi Edna aliye pembeni yako,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Saida, marahaba. Bi Edna, shikamoo, umelalaje? Miguu je? Safari imekuacha mzima? Mwanvita, hongera mwanangu. Yusuf, asante kwa kile kiwiko. Mjukuu wangu Mgeni, karibu duniani, umetolewa na mtu anayefaa. Baba yako Saida anawasalimu nyote, tangu jana anacheka peke yake. Mikdad anawasalimu, Lulu anawasalimu, kapiga picha barua yako kaibandika ukutani. Abdulrazak kaongeza jino. Bimdogo anakusalimu Bi Edna, na kanga kasema ni yako, kashakusahau Saida.

Nimelia, nimemaliza, sasa tunazungumza.

Mwambie Bi Edna, taratibu, umekaa: nani kasema mwaliko wangu umekwisha? Ule wa Atlanta ulikuwa wa mtoto. Wa kwangu mimi bado. Kama hana mlango wa kunifungulia, basi huu wa kwangu ni wake. Aje wakati wowote karatasi zake zitakapokaa sawa, mwezi huu au mwakani, akae siku anazotaka. Akichoka tutampa kazi, miche ya mwani inafungwa mtu amekaa, na huyo aliyebeba chuma kile mpaka Georgia hatashindwa na kamba. Sufuria aje nalo. Unga wa mahindi ndio kitu tusichokikosa hapa.

Na usiniambie nyumba yetu iko karibu na bahari. Iko, lakini kwenye mwinuko, bamvua inaishia kwenye mikoko, haijawahi kufika. Hidaya akija tena nitampandisha Bi Edna Miono, kwa shughuli.

Niambie anakula nini na hali nini, pilipili anaiweza? Anapenda kitanda cha juu au cha chini? Anasali vipi, tumwekee nafasi yake? Chumba chako Saida ndicho tutakachompa, utalala na mimi.

Tena kuna jambo la haraka. Nilipomsomea Mikdad barua yako, akaenda akachukua tindo na nyundo. Kasema mlango wetu ni mwembamba, kigari hakitapita. Kashautoa mlango wa mbele na mwimo, na kizingiti kakibomoa. Watu wa Mapinga wangoje milango yao. Lakini hawezi kutia mwimo mpya mpaka ajue upana.

Kipime hicho kigari, kutoka gurudumu hadi gurudumu, unitumie upesi mwanangu, leo hii ukiweza. Tumeketi hapa hatuna mlango, na mbuzi wanaingia.

Ni mimi mama yenu.